Nani Aliitwa Barazani? Mikutano, Majarida na Fursa katika Historia ya Jumuiya ya Watafiti wa Kiswahili, 1928 hadi Leo



1.0 Utangulizi

Nashukuru kwa heshima niliyopewa ya kutoa mhadhara huu wa wazi. Huenda wengi mlitarajia kwamba, kwa kuwa mimi ni mwanaisimu, ningezungumzia vitenzi, ngeli au mkazo wa neno. Leo nimechagua kutuangalia sisi wenyewe. Ninakusudia kujadili historia ya jumuiya ya watafiti wa Kiswahili katika Afrika Mashariki: ilivyoanza, ilivyokutana, mahali ilipochapisha kazi zake, na zaidi ya yote, ni nani waliopata fursa ya kuingia ndani yake na ni nani waliobaki nje.

Historia ya lugha yetu imeandikwa kwa njia nyingi. Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala walituachia kitabu chao, Historia ya Kiswahili, mwaka 1977. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walichapisha mwaka 1993 uchunguzi wao mkubwa wa historia ya Kiswahili na lugha ndugu zake za kundi la Sabaki. Katika kazi za namna hiyo mhusika mkuu ni lugha. Mtafiti anayeichunguza hutajwa katika dibaji tu, pale anapowashukuru waliomsaidia. Lakini lugha haijichunguzi yenyewe. Maswali tunayoyauliza kuhusu Kiswahili, na yale tusiyoyauliza, yametokana na watu waliokutana mahali fulani, katika mwaka fulani, kwa gharama ya mtu fulani.

Hoja yangu ni hii. Jumuiya ya watafiti hujengwa kwa nguzo tatu: mkutano, jarida, na nafasi ya kazi au masomo. Mwenye mamlaka juu ya nguzo hizo ndiye mwenye kuamua ni utafiti gani ufanyike na kwa lugha gani uandikwe. Nitaifuata hoja hii kuanzia Mombasa mwaka 1928 hadi siku zetu. Kisha nitaonesha kwamba mipaka ya jumuiya yetu ya leo bado inafuata, kwa kiasi kikubwa, mstari uliochorwa na serikali ya kikoloni mwaka 1930.

2.0 Maneno tunayoyatumia

Kabla ya kuingia katika historia yenyewe, tuyatazame maneno. Msamiati wetu wa mambo ya kitaaluma ni wa asili nyingi. Neno kongamano limetokana na kitenzi kukongamana, yaani kukusanyika pamoja. Mhadhara na warsha yametujia kutoka Kiarabu, semina na kamati kutoka Kiingereza. Baraza lina maana mbili ambazo mkazi yeyote wa mwambao anazifahamu: ni mahali pa kukaa mbele ya nyumba, ambapo wazee huzungumza na majirani hupita wakisalimia, na pia ni chombo rasmi cha watu waliochaguliwa au kuteuliwa. Katika maana ya kwanza mpita njia anaweza kukaribishwa akaketi. Katika maana ya pili hawezi kuketi bila barua ya uteuzi.

Maneno yanayohusu fursa nayo yana la kutufundisha. Fursa na nafasi yote yana asili ya Kiarabu, na hilo la pili lina uhusiano na neno la pumzi: mwenye nafasi ni mwenye pa kupumulia. Fedha za utafiti tunaziita ruzuku au ufadhili. Ruzuku, katika matumizi yake ya kidini, ni riziki atoayo Mwenyezi Mungu. Ufadhili unatokana na fadhili, na mtendewa fadhili hana haki ya kudai. Wajibu wake ni kushukuru. Sidai kwamba maneno huamua matendo yetu. Lakini msamiati huu umeeleza kwa usahihi uhusiano uliokuwapo, kwa muda mrefu, kati ya mtafiti mwenyeji na mfuko uliomlipa.

3.0 Mombasa 1928 na Kamati ya 1930

Mwezi Juni mwaka 1928 ulifanyika Mombasa mkutano wa kujadili lahaja ipi iwe msingi wa Kiswahili sanifu kwa ajili ya shule za maeneo yaliyokuwa chini ya Waingereza. Miongoni mwa waliohudhuria alikuwamo Carl Meinhof, bingwa wa Kijerumani wa isimu ya lugha za Kibantu. Mvutano ulikuwa kati ya Kimvita, lahaja ya Mombasa, na Kiunguja, lahaja ya mji wa Zanzibar. Kiunguja kilishinda.

Sababu za ushindi huo zimejadiliwa sana: Kiunguja kilikuwa kimekwishasafiri bara na misafara ya biashara, na utawala wa Wajerumani ulikuwa umekitumia Tanganyika. Kwa mada yetu ipo sababu nyingine inayofaa kutiliwa mkazo. Kila upande ulikuja mkutanoni na vitabu vyake. Wamisionari wa Zanzibar walikuwa na sarufi ya Edward Steere iliyochapishwa mwaka 1870, pamoja na kamusi za A. C. Madan. Wale wa Mombasa walikuwa na kamusi ya Johann Ludwig Krapf iliyochapishwa mwaka 1882, na kazi za W. E. Taylor. Hivyo, kilichoshindanishwa mezani hakikuwa lahaja tu, bali pia kazi za utafiti zilizokuwa zimekwishachapishwa, na nyuma ya kila kazi palikuwa na kanisa, mtambo wa kuchapia na mfuko wa fedha.

Nyuma ya kazi hizo palikuwa pia na wataalamu wenyeji ambao majina yao hayakuingia katika orodha ya wajumbe. Tuchukue mfano wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi wa Mombasa. Bila ya juhudi zake za kukusanya na kufafanua tungo za Muyaka bin Haji, Taylor asingekuwa na cha kuhifadhi, wala William Hichens asingepata cha kuchapisha mwaka 1940 katika diwani ya mshairi huyo. Sikujua alikuwa mtafiti kwa kila maana ya neno hilo: alikusanya matini, alilinganisha, alieleza maana. Alichokosa ni ile nafasi ambayo ingemfanya aitwe mtafiti.

Tarehe 1 Januari 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ikiwa na wajumbe kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson, na ofisi yake ilikuwa Dar es Salaam. Kazi za Kamati zilikuwa kusanifisha tahajia na msamiati, kukagua vitabu vya shule, kuwashauri waandishi na kuhimiza uandishi. Johnson alifariki mwaka 1937, na kamusi mbili zilizotokana na kazi yake zilichapishwa mwaka 1939. Kwa miongo kadhaa zilikuwa ndizo kamusi zilizotegemewa na kila mwalimu na kila mfasiri.

Kwa macho ya leo tunaona kwamba Kamati ilikuwa na nguzo zote tatu nilizozitaja. Ilikuwa na mikutano yake. Ilikuwa na jarida lake, lililoanza kama taarifa ya Kamati mwaka huohuo wa 1930. Na ilikuwa na uwezo wa kutoa au kunyima fursa: kitabu kilichotaka kusomwa shuleni kilihitaji ithibati yake. Mwandishi ambaye Kiswahili chake kilitoka Lamu, Pate au Mombasa alirekebishiwa tahajia na msamiati ndipo apite. Hata hivyo, katika miaka ya mwanzo wajumbe walikuwa maofisa wa elimu na wamisionari. Waafrika waliingia baadaye, na kwa idadi ndogo. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Chiraghdin, aliyekuwa mwana wa Mombasa, alipoandika historia yake karibu nusu karne baada ya mkutano ule, bado alikuwa na hoja dhidi ya namna usanifishaji ulivyofanywa. Huo ni muda mrefu kwa swali kubaki bila kupata kikao cha kulisikiliza.

Tusiwe wakali kupita kiasi, lakini. Kamati iliendesha mashindano ya uandishi yaliyofungua mlango kwa vijana wa shule, na katika miaka yake ya baadaye iliwapokea waandishi wa kiwango cha Shaaban Robert. Jarida lake lilichapisha tenzi, ngano na maelezo ya lahaja ambayo bila hilo yangepotea. Mtafiti wa leo wa lahaja za mwambao bado huanzia katika kurasa hizo.

4.0 Kutoka Kamati hadi Chuo Kikuu

Mwaka 1952 Kamati ilihamia Makerere, Kampala. Uhamisho huo ulikuwa na maana kubwa kuliko mabadiliko ya anwani. Kwa mara ya kwanza utafiti wa Kamati uliwekwa chini ya dari moja na taasisi ya elimu ya juu, na ukaanza kutoka katika shughuli ya ukaguzi wa vitabu kuelekea taaluma. Chini ya Wilfred Whiteley, aliyekuwa mwanaisimu kwa mafunzo, jarida lilianza kubeba makala za uchambuzi wa lugha. Mwaka 1959 lilipewa jina la Swahili. Baada ya Kampala, Kamati ilipitia Mombasa kabla ya kurejea Dar es Salaam.

Mwaka 1964 kazi za Kamati zilikabidhiwa kwa taasisi mpya katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Hiyo ndiyo taasisi iliyokuja kujulikana kwa jina la Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, yaani TUKI. Mwaka 1967 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata uhuru wake, Idara ya Kiswahili ikaanzishwa, na jarida likabadilishwa jina kutoka Swahili kuwa Kiswahili. Mwaka 1971 TUKI ilianzisha jarida la pili, Mulika, lililoandikwa kwa Kiswahili na kuwalenga zaidi walimu na wasomaji wa kawaida.

Naomba tuitazame kwa makini ile silabi iliyoongezwa mwaka 1970. Swahili ni jina ambalo wageni wanaipa lugha. Kiswahili ni jina ambalo lugha inajipa yenyewe, kwa kiambishi chake cha ngeli. Lakini kubadili jina la jarida si sawa na kubadili lugha ya makala zake. Makala nyingi za kitaaluma ziliendelea kuandikwa kwa Kiingereza, kwa sababu iliyo wazi: istilahi hazikuwapo. Mwalimu wa Idara mpya aliyetaka kufundisha fonolojia au sintaksia kwa Kiswahili alilazimika kuyaunda maneno akiwa njiani kuelekea darasani. Istilahi kama isimu, kirai, kishazi, kiima na kiarifu, ambazo mwanafunzi wa leo anazitamka bila kufikiri, zilipita katika vikao, zikabishaniwa, nyingine zikakataliwa. Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ni kumbukumbu ya mabishano hayo.

Matunda yake yaliiva polepole. Mwaka 1944 E. O. Ashton alikuwa amechapisha sarufi yake kwa Kiingereza, na kwa muda mrefu hata Mswahili aliyetaka kuijua sarufi ya lugha yake ilimbidi apitie Kiingereza kwanza. Mwaka 1981 ilitoka Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambamo neno la Kiswahili linaelezwa kwa Kiswahili. Mwaka 1999 D. P. B. Massamba, Y. M. Kihore na J. I. Hokororo walitoa Sarufi Miundo ya Kiswahili Sanifu. Ikafuatiwa na juzuu la sarufi maumbo mwaka 2001 na la fonolojia mwaka 2004. Kutoka Ashton hadi Massamba na wenzake ni miaka 55. Kazi kama hiyo haifanywi na mtu mmoja mwenye kipaji. Inahitaji watu wenye mishahara ya kudumu, maktaba, wahariri, na wanafunzi wanaouliza maswali kila mwaka.

5.0 Milango iliyofungwa na iliyofunguka

Nieleze sasa namna siasa ilivyoathiri mzunguko wa watafiti, kwani nafasi ya kazi huweza kumwokoa mtu na pia huweza kupotea kwa siku moja.

Mfano wa kwanza ni wa Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Alifungwa nchini Kenya kwa sababu ya waraka wake wa kisiasa, Kenya: Twendapi?, akatoka gerezani mwaka 1972. Diwani aliyoitunga kifungoni, Sauti ya Dhiki, ilichapishwa mwaka 1973. Baada ya kuachiliwa alihamia Dar es Salaam na kufanya kazi TUKI hadi mwaka 1979, kisha akaenda London, na baadaye akafundisha Leipzig kwa miaka mingi. Njia hiyo ya maisha inatueleza jumuiya yetu kwa ufupi. Taasisi ya nchi jirani iliweza kumpokea mtu ambaye nchi yake ilikuwa imemfunga, na ikanufaika na ujuzi wake wa lahaja na wa ushairi. Baadaye ujuzi huohuo ukawanufaisha wanafunzi wa Ujerumani.

Mfano wa pili ni wa mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka kati ya Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Kwa mwanaisimu, mpaka huo ulipita katikati ya maabara. Kivumba na Kimtang'ata viko kimoja upande huu wa mpaka na kingine upande ule. Anayetaka kuvilinganisha hana budi kuvuka. Walimu wa Nairobi na wa Dar es Salaam waliokuwa wakisomana na kutembeleana sasa walitenganishwa na hati za kusafiria. Baadaye kidogo hali ya uchumi ya miaka ya 1980 ilileta uhaba wa karatasi, na sote tuliosoma wakati huo tunakumbuka vitabu vilivyosomwa kwa zamu.

Wakati milango ya nyumbani ikiwa hivyo, mingine ilifunguka mbali. Mwaka 1987 Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, kilianzisha kongamano la Kiswahili ambalo limeendelea kukutanisha watafiti mwaka hadi mwaka. Mwaka 1994 lilianzishwa jarida la Swahili Forum, ambalo tangu mwaka 2003 linapatikana bure kwenye intaneti. Mchango wa wenzetu hao ni mkubwa, na mtu mwenye insafu hawezi kuukana. Wataalamu wa Tanzania, Kenya na Zanzibar walikutana ana kwa ana huko Bayreuth.

Hapo ndipo penye jambo la kutufikirisha. Mtafiti wa Mombasa na mwenzake wa Tanga, miji ambayo mtu hutoka mmoja akafika mwingine kwa basi kabla jua halijatua, walilazimika kupanda ndege hadi Ulaya ili wasikilizane. Anayelipa tikiti ndiye anayechagua abiria, na si lazima awe na nia mbaya. Mfadhili humwalika anayemfahamu. Na anayefahamika ni yule aliyekwisha kualikwa, au aliyeandika kwa lugha anayoisoma mfadhili. Mwalimu wa sekondari wa Pangani mwenye daftari la maneno ya wavuvi hamo katika orodha hiyo.

6.0 Vyama vya wenyeji na Jumuiya mpya

Tangu miaka ya 1990 mambo yalianza kubadilika, na safari hii msukumo ulitoka nyumbani. Nchini Kenya, mfumo wa elimu ulioanza mwaka 1985 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la mtihani, na hivyo ukazalisha mahitaji makubwa ya walimu na wahadhiri. Mwaka 1998 kiliundwa Chama cha Kiswahili cha Taifa, CHAKITA, nchini humo. Kikafuatiwa na Chama cha Kiswahili cha Afrika Mashariki, CHAKAMA, ambacho makongamano yake huhama kutoka nchi hadi nchi. Wanafunzi nao hawakusubiri kualikwa: walianzisha CHAWAKAMA, chama cha wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki.

Napenda kukitaja chama hiki cha wanafunzi kwa heshima ya pekee. Wanaohudhuria mikutano yake husafiri kwa basi, hulala katika mabweni ya wenyeji wao, na huwasilisha makala kwa Kiswahili mbele ya wenzao wa nchi nyingine. Wanasikia matamshi ambayo hawajawahi kuyasikia, na wanajifunza kwamba kile walichofundishwa kuwa kosa ni kawaida ya mahali pengine. Hiyo ni elimu ya isimujamii ambayo hakuna muhtasari wa kozi unaoweza kuitoa.

Kwa upande wa serikali, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilizinduliwa upya kwa mkataba wa mwaka 1999. Itifaki ya kuanzisha Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilipitishwa mwaka 2007, na Kamisheni ikaanza kazi Zanzibar mwaka 2015. Mwaka 2009 TUKI iliunganishwa na Idara ya Kiswahili kuwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI. Mwezi Novemba 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na maadhimisho ya kwanza yakafanyika mwaka 2022.

Kwa hiyo leo hatukosi mikutano. Kalenda ya mwanataaluma wa Kiswahili imejaa makongamano, na matangazo ya kuwasilisha ikisiri yanafika kila mwezi. Swali ni kama nguzo nyingine mbili zimekua kwa kiwango hichohicho. Sherehe ya siku moja huisha siku hiyo. Makala iliyowasilishwa kongamanoni lakini haikuhaririwa wala kuchapishwa huishia katika mkoba wa mwenyewe. Zaidi ya hayo, katika vyuo vyetu vingi makala iliyochapishwa ng'ambo kwa Kiingereza humpandisha mhadhiri cheo kwa urahisi kuliko ile iliyochapishwa nyumbani kwa Kiswahili. Mhadhiri kijana anajua kuhesabu. Akiandika kuhusu toni au vishazi kwa Kiingereza, atasomwa na wachache walio mbali na atapanda cheo. Akiandika kwa Kiswahili, atasomwa na wanafunzi wake na atasubiri.

7.0 Ramani ya 1930 na jirani aliyebaki nje

Nimefika katika hoja ninayotaka muibebe mtakapotoka ukumbini.

Kamati ya 1930 ilikuwa na wajumbe wa nchi nne kwa sababu moja tu: nchi hizo zilitawaliwa na Mwingereza. Mpaka wake haukuwa mpaka wa Kiswahili. Upande wa magharibi wa Ziwa Tanganyika kulikuwa na wasemaji wengi wa Kiswahili ambao mtawala wao alikuwa Mbelgiji. Upande wa kaskazini, mjini Barawa, kulikuwa na Chimwiini chini ya Mwitaliano. Upande wa kusini, katika pwani ya Msumbiji, kulikuwa na Kimwani, na visiwani Komoro kulikuwa na lugha ndugu ya Kiswahili. Hakuna hata mmoja wa wasemaji hao aliyewakilishwa.

Wakoloni waliondoka, lakini mstari ulibaki. Kiswahili cha Kongo ni miongoni mwa lugha nne za taifa nchini humo na kinazungumzwa na mamilioni ya watu. Walioandika juu yake kwa kina ni akina Edgar Polomé, aliyefundisha Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, kabla ya uhuru wa nchi hiyo, Walter Schicho, na Johannes Fabian, ambaye kitabu chake cha mwaka 1986 kinachunguza namna utawala wa kikoloni ulivyokitumia na kukitungia kanuni Kiswahili cha Katanga. Polomé aliandika kwa Kiingereza na Kifaransa, Schicho kwa Kijerumani, Fabian kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Dar es Salaam au wa Eldoret anayetaka kukijua Kiswahili cha Lubumbashi anakipata kwa kupitia Vienna au Amsterdam. Na katika kozi zetu, Kiswahili hicho hutajwa kwa sentensi moja, mara nyingi kama mfano wa Kiswahili kilichoharibika.

Hapa pana hasara ya kisayansi, achilia mbali ya kiutu. Kiswahili cha Lubumbashi kimepitia mabadiliko katika upatanisho wa ngeli na katika vipande vya kitenzi, chini ya mazingira ya mji wa migodi uliokusanya watu wa lugha nyingi. Anayetaka kujua mfumo wa ngeli hubadilika kwa njia zipi pindi lugha inapopata wasemaji wapya wengi, ana ushahidi hai jirani yake. Sisi tunautafuta katika vitabu vya nadharia vilivyoandikwa kwa mifano ya mabara mengine.

Lakini sasa ramani ya kisiasa imebadilika. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Somalia mwaka 2024. Burundi na Rwanda zilikwishajiunga mwaka 2007, na Sudan Kusini mwaka 2016. Kwa mara ya kwanza, Lubumbashi, Bukavu, Bujumbura, Mombasa, Zanzibar na Barawa ziko ndani ya jumuiya moja yenye kamisheni moja ya lugha. Kama mwaka 1930 mpaka wa serikali ulitangulia na utafiti ukaufuata, basi safari hii pia serikali zimetangulia, na ni zamu yetu kuufuata mpaka mpya. Tusipofanya hivyo, tutakuwa tunailinda ramani ambayo hata walioichora wamekwisha kuiacha.

8.0 Hitimisho

Nimejaribu kuonesha kwamba jumuiya yetu imejengwa kwa mikutano, majarida na nafasi, na kwamba katika kila kipindi aliyeshika vitu hivyo ndiye aliyeamua nani awe mtafiti na nani awe msaidizi wa mtafiti. Nina mapendekezo matatu, na yote yamo ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, makongamano ya kikanda yafanyike pia Lubumbashi, Bukavu na Bujumbura, na wenyeji wa huko waalikwe wawasilishe kwa Kiswahili chao, bila kudaiwa kwanza wazungumze kama watu wa Unguja. Sisemi tukitupe Kiswahili sanifu; ninatoa mhadhara huu kwa Kiswahili hicho. Nasema kwamba usanifu ni wa maandishi na wa shule, na kwamba mtafiti anayemsahihisha mtoataarifa wake hatakuwa na data ya kuchambua.

Pili, kila kongamano litenge sehemu ya bajeti yake kwa ajili ya uhariri wa makala za wanafunzi wa uzamili na uzamivu. Makala ya kijana haihitaji sifa. Inahitaji mhariri mwenye kalamu nyekundu na muda wa kuisoma mara tatu. Whiteley na wenzake walilifanya hivyo jarida lao, na ndiyo maana tunalisoma hadi leo.

Tatu, vyuo vikuu vyetu virekebishe vigezo vya kupandisha vyeo, ili makala ya Kiswahili iliyopitiwa na wataalamu katika jarida la nyumbani ihesabiwe kwa ubora wake. Uamuzi huo hauhitaji mfadhili. Unahitaji kikao cha seneti na watu walio tayari kuutetea.

Wanafunzi wapenzi, baadhi yenu mwakani mtakuwa mnatafuta mada za tasnifu. Ipo kazi Kongo, ipo Barawa, ipo Msumbiji ya kaskazini, na ipo kwa wavuvi wa Pangani. Mwalimu Sikujua alikusanya tungo za Muyaka bila ya ruzuku wala cheo, na asingezikusanya tusingekuwa nazo. Ninyi mna mengi kuliko aliyokuwa nayo. Msisubiri barua ya mwaliko kutoka mbali. Anzeni kuandikiana barua wenyewe kwa wenyewe, kwa Kiswahili, na karibisheni barazani yeyote anayepita.